Gemu Imezinduliwa, Kazi Zimerundikana: Mwongozo Kamili wa Kupanga Kipi Kitangulie

Gemu ya wachezaji wengi ikishafunguliwa kwa umma, orodha ya kazi hurefuka ndani ya siku chache kuliko ilivyorefuka katika miezi yote ya kuiunda. Wachezaji wanataka ramani mpya. Aliyetoa mtaji anataka duka la mavazi ya wahusika. Fundi wa seva anaomba wiki mbili za kuipanga upya hifadhidata. Na yupo anayeandika kila asubuhi, kwa herufi kubwa, kwamba bunduki fulani imeharibu gemu nzima. Kila mmoja ana hoja, na timu ina mikono ileile.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo na za kati ambazo gemu yao imetoka tayari na inachezwa. Umejengwa juu ya jambo moja linaloitofautisha gemu ya mtandaoni na ile ya mtu mmoja: kinachomvuta mchezaji ni kuwepo kwa wachezaji wengine. Michoro, silaha na hadithi vyote havina thamani ikiwa aliyebonyeza kitufe cha kutafuta mechi hampati wa kucheza naye. Kwa hiyo kila kazi iulizwe swali hili kwanza: je, itamsaidia mtu anayetaka kucheza sasa hivi ampate mwenzake, wacheze kwa haki, na wamalize mechi yao? Kazi inayosaidia hapo hutangulia. Isiyosaidia, hata kama timu nzima inaitamani, hungoja zamu yake.

Hatua ya 1: Pima safari ya mchezaji kabla ya kugusa chochote

Andika vituo anavyopita mchezaji mpya: ameiwasha gemu, amejiandikisha, amemaliza mafunzo, ametafuta mechi, mechi imepatikana, mechi imeisha naye bado yumo, ameanza mechi ya pili, amerudi kesho yake, amerudi siku ya saba, amerudi siku ya thelathini. Kila kituo kirekodiwe kwenye seva. Kama mmezindua bila vipimo hivi, kuviweka ndiyo kazi ya kwanza, mbele hata ya hitilafu nyingi ndogondogo. Bila vipimo mtabishana kwa hisia, na atashinda mwenye sauti kubwa.

Kisha tazama watu wanapotelea wapi. Tuseme kati ya watu 1,000 walioiwasha gemu, 900 walijiandikisha, 840 walimaliza mafunzo na 800 walitafuta mechi, lakini 480 tu ndio walioipata, na 450 kati yao wakaimaliza. Hapo mkutano mrefu hauhitajiki. Watu 320 waliokuwa tayari wamekaa wakitaka kucheza wameondoka mikono mitupu. Ramani mpya haiwezi kuwarudisha, maana hata ile ya zamani hawakuiona.

Jihadhari na wastani. Gemu inaweza kuonekana nzima kwa jumla huku ikijizima kila mara kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo, au ikikatika kwa wachezaji wa kanda moja tu. Gawanya kila kipimo kwa aina ya kifaa, kanda, na toleo la gemu. Muda wa kungoja mechi nao usiupime kwa wastani: wapange watu 100 kuanzia aliyengoja kidogo hadi aliyengoja sana, umtazame yule wa 95. Yeye ndiye anayekaribia kuondoka, na wastani hauwezi kukuonyesha kwamba yupo.

Namba tatu zitazamwe kila asubuhi na timu nzima: idadi ya walio mtandaoni kwa pamoja saa ya kilele na saa ya chini kabisa, asilimia ya mechi zilizoanza zikaisha salama, na muda wa kungoja mechi. Nyingine zitazamwe mara moja kwa wiki.

Hatua ya 2: Tenga yale yasiyojadiliwa

Kuna matatizo ambayo hayapangwi kwenye orodha pamoja na mengine. Yakitokea, kazi zote husimama mpaka yatatuliwe. Kwa maoni yangu ni manne: mchezaji kupoteza akaunti au maendeleo yake; taarifa za wachezaji kuvuja; mtu kulipa pesa asipate alichonunua; na mali za ndani ya gemu kujizalisha zenyewe kutokana na hitilafu.

Hilo la nne hudharauliwa sana, na ndilo linaloweza kuua gemu polepole. Mchezaji mmoja akigundua njia ya kunakili dhahabu, ndani ya siku mbili bei sokoni huvurugika, na waliotumia wiki nzima kuchuma kwa jasho hujiona wajinga. Novemba 2021, Amazon ilipogundua hitilafu ya kunakili dhahabu katika gemu yake ya New World, ilizima kwa muda njia zote za wachezaji kuhamishiana mali: soko, kupeana, hata hazina za vikundi. Wachezaji waliudhika, lakini uamuzi wa kulifunga soko ulikuwa sahihi, kwa kuwa kila saa ambayo soko linabaki wazi huchanganya dhahabu halali na ya bandia mpaka hakuna awezaye kuzitenganisha.

Ili uweze kuchukua hatua kama hiyo unahitaji vitu viwili ambavyo vijengwe sasa, kabla ya shida. Cha kwanza ni daftari la miamala: kila kitu kinachobadilisha mmiliki kiandikwe kimetoka kwa nani, kimeenda kwa nani, saa ngapi na kwa sababu gani. Cha pili ni swichi za kuzima sehemu moja ya gemu bila kuzima gemu nzima. Nakala rudufu za hifadhidata nazo zisihesabiwe kuwa zipo mpaka mtu amejaribu kurejesha data kutoka kwenye mojawapo na akafaulu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Hatua ya 3: Mlango ufunguke, au useme ukweli kwamba umefungwa

Wiki za kwanza tatizo linaweza kuwa wingi wa watu. Silika ya timu nyingi ni kuongeza seva, na mara nyingi hilo halitoshi, kwa sababu kinachozidiwa ni kitu kimoja kinachotumiwa na seva zote: hifadhidata ya akaunti, huduma ya kuingia, au orodha ya marafiki inayouliza hali ya kila rafiki kila sekunde chache. Tafuta kwanza kilichoziba ndipo ulipie mashine zaidi.

Wakati mafundi wanatafuta, punguza mzigo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzima vitu visivyo vya lazima. SimCity ilipozinduliwa Machi 2013 seva zake zikazidiwa, watengenezaji walizima kwa muda baadhi ya vipengele, ikiwemo kasi ya juu kabisa ya mchezo, ili watu waweze kuingia. Jedwali la vinara, picha za wasifu na historia ya mechi vyote vinaweza kulala siku mbili bila mtu kuhama gemu. Ya pili ni kuweka kikomo cha walio ndani. Februari 2024 Helldivers 2 ilizidiwa na wachezaji kiasi kwamba watengenezaji wake, Arrowhead, waliweka kikomo cha watu mtandaoni kwa pamoja, wakati fulani kikiwa 450,000, huku wakikipandisha kadiri mfumo ulivyoimarika. Kampuni ya Square Enix ilikwenda mbali zaidi: gemu yake ya Final Fantasy XIV ilipofurika Agosti 2013, na tena Desemba 2021, ilisimamisha kwa muda uuzaji wa nakala za kidijitali. Ni uamuzi mgumu kwa mfanyabiashara yeyote, nami nauheshimu, kwa sababu kumuuzia mtu tiketi ya chumba ambacho hawezi kuingia ni kumchokoza.

Anayengoja aonyeshwe namba yake kwenye foleni, na foleni imkumbuke akikatika kwa dakika mbili tatu. Foleni inayomrudisha mtu mwanzo kwa sababu intaneti yake iliyumba mara moja huleta hasira kuliko kutoingia kabisa. Ni kazi ya siku chache, iweke juu.

Hatua ya 4: Usiwatawanye wachezaji wako

Hapa ndipo timu nyingi huharibu bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua gemu yenye watu 600 mtandaoni saa ya kilele. Mechi moja ina watu 10 na huchukua dakika 20. Wachezaji wakiendelea kucheza mechi baada ya mechi, watu 30 hivi huingia kwenye foleni kila dakika, yaani mechi mpya kila sekunde 20. Ni gemu yenye afya njema.

Sasa timu inaongeza aina za mchezo ziwe tatu, kila moja na foleni yake, na kuna kanda nne. Tayari ni foleni 12. Watu 30 kwa dakika wakigawanywa kwa 12 ni watu wawili na nusu kwa kila foleni, na mechi ya watu 10 inahitaji dakika nne kujaa. Ukigawanya tena kwa ngazi tatu za ustadi, unafika dakika 12. Na hiyo ni saa ya kilele. Usiku wa manane wakiwa watu 100 tu, foleni zile 12, hata kabla ya kugawanya kwa ustadi, hungoja dakika 24 kila moja. Hakuna anayengoja dakika 24. Anaondoka, na kuondoka kwake kunaongeza muda wa anayebaki, ambaye naye anaondoka. Hivi ndivyo gemu nzuri zinavyokauka huku timu ikiendelea kuongeza vipengele.

Kwa hiyo kila pendekezo jipya lipitishwe kwenye swali: linawagawanya wachezaji au linawaacha pamoja? Ramani mpya inayoingia kwenye mzunguko wa ramani zilizopo haigawanyi mtu. Aina mpya ya mchezo yenye foleni yake inagawanya. Ramani ya kununua inagawanya vibaya zaidi, maana aliyeinunua hawezi kucheza na rafiki ambaye hakuinunua. Mavazi na rangi hazigawanyi kabisa, na ndiyo sababu ni njia salama zaidi ya kutafuta mapato katika gemu changa.

Mbinu za kuwakusanya watu ni hizi. Aina za mchezo zipokezane: wiki hii moja, wiki ijayo nyingine, badala ya zote kuwa wazi kila siku. Ushindani wa madaraja ufunguliwe kwa saa maalumu tu mpaka idadi ikue. Foleni ianze kwa kutafuta wapinzani wa kiwango kimoja, kisha ilegeze masharti kila baada ya sekunde 15 au 20, na mchezaji aone kwamba utafutaji unapanuka. Wachezaji wa vifaa tofauti wacheze pamoja pale inapowezekana. Kazi yake ni kubwa, lakini katika gemu yenye watu wachache huongeza kundi kuliko kampeni yoyote ya matangazo. Boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, nao wanafaa kuziba nafasi katika mechi za mwanzo za mgeni, ila ajulishwe kwamba ni boti. Mchezaji aliyeshangilia ushindi wake wa kwanza kisha akagundua alikuwa akipiga mashine ambazo gemu ilimwambia ni watu, haiamini gemu hiyo tena.

Hatua ya 5: Mechi iliyoanza iishe

Uwezo wa kurudi kwenye mechi baada ya kukatika utangulie karibu kila kipengele kipya. Katika mechi ya watu 10, mmoja akikatika asiweze kurudi, wote 10 wameharibikiwa, hata wale wanaoshinda, kwa sababu ushindi wa watano dhidi ya wanne hauna ladha. Hitilafu inayomgusa mtu mmoja kati ya 100 katika gemu ya peke yake, hapa inagusa takriban mechi moja kati ya kumi. Zidisha hivyo kila unapopima ukubwa wa tatizo.

Kuhusu kuchelewa kwa mawasiliano, anza na umbali. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo kilomita 8,000 kutoka kwa mchezaji inamgharimu milisekunde 80 za kwenda na kurudi kabla ya kifaa chochote cha njiani kuongeza zake. Ukiileta hadi kilomita 1,000, zinabaki 10. Linganisha na pendekezo ambalo hutolewa haraka, la kuongeza mara ambazo seva inasasisha hali ya mchezo kutoka 20 hadi 60 kwa sekunde: kila mzunguko unashuka kutoka milisekunde 50 hadi 17, akiba ya 33 kwa upeo wake, na mzigo wa seva unapanda karibu mara tatu. Kama wachezaji wengi wako mbali, sogeza seva kwanza.

Lakini kumbuka hesabu ya hatua iliyotangulia: kila kanda mpya ya seva ni foleni mpya. Ifungue pale tu ambapo vipimo vinaonyesha kanda hiyo ina watu wa kutosha kujaza mechi zake hata saa ya chini, la sivyo waache wachague wenyewe kati ya kasi nzuri na kungoja kidogo.

Hatua ya 6: Haki uwanjani

Wadanganyifu, watukanaji na silaha zilizozidi nguvu huletwa na wachezaji kama lalamiko moja, lakini ni kazi tatu tofauti zenye haraka tofauti.

Kwa wadanganyifu, kanuni ya msingi ni kwamba seva isiiamini simu wala kompyuta ya mchezaji. Mwendo, risasi, uharibifu na malipo vyote vithibitishwe na seva. Tena, usimpelekee mchezaji taarifa asiyopaswa kuwa nayo. Valorant, iliyotoka Juni 2020, ina mfumo unaozuia mahali alipo adui aliyejificha pasitumwe kabisa kwenye kompyuta ya mpinzani mpaka anapokaribia kuonekana. Programu ya kuona kupitia kuta haiwezi kuonyesha kitu ambacho haikupewa. Kazi ya namna hii ni nzito kuiongeza baadaye, kwa hiyo kama gemu yako ni ya ushindani, ipe nafasi katika miezi mitatu ya kwanza.

Usitibu udanganyifu kwa kuwakomoa waaminifu. RuneScape, ikipambana na wauzaji wa dhahabu kwa pesa halisi, iliwabana wachezaji wote wasibadilishane mali kwa uhuru kuanzia mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Wachezaji walighadhibika, na uhuru huo ulirudishwa Februari 2011 baada ya wao wenyewe kuupigia kura. Kizuizi cha dharura kama kile cha New World kinavumilika kwa sababu kina mwisho. Kizuizi cha kudumu hubadilisha gemu yenyewe.

Kwa matusi, anza na kilicho rahisi: kitufe cha kumnyamazisha mtu, kiwe mahali panapoonekana katikati ya mechi, na kikumbuke uamuzi huo mechi zijazo. Ni kazi ya siku mbili tatu na humwokoa anayetukanwa papo hapo, bila kungoja msimamizi. Kitufe cha kuripoti kije mara baada yake, lakini kisiwekwe kabla hamjapanga nani atazisoma ripoti. Ripoti zisizosomwa huwafundisha watu kwamba hakuna anayejali.

Uwiano wa silaha na wahusika ndio wenye kelele nyingi na haraka ndogo. Ngoja data ya wiki mbili. Gawanya ushindi kwa kiwango cha ustadi, maana silaha inayowatesa wageni inaweza kuwa kituko kwa wabobezi. Badilisha namba chache kwa wakati mmoja, ili ukiona tofauti ujue imetokana na nini. Na namba hizo ziwe kwenye seva, zisifungwe ndani ya programu, ili marekebisho yasihitaji kila mtu kupakua toleo jipya.

Hatua ya 7: Sikiliza lalamiko, chunguza suluhisho

Wachezaji wanajua vizuri sana pale panapouma. Dawa wanayoitaja ndiyo ya kuchunguzwa. Wakisema "ongezeni ramani", huenda tatizo ni kwamba mfumo unarudia ramani moja mara tatu mfululizo. Wakisema "gemu inaganda", huenda picha ziko sawa na kinachokwama ni mtandao.

Lipo kundi ambalo halitaandika kamwe: walioondoka siku ya kwanza. Ni wengi kuliko waliobaki, na waliobaki kwa kawaida wanataka mambo ya wabobezi. Ukifuata orodha ya wanaoandika tu, utaijenga gemu iwafae watu walewale mia mbili, nao watazidi kuwa hodari, na kila mgeni atakayeingia atapigwa vibaya zaidi ya aliyemtangulia. Kwa hiyo pokea malalamiko yote, yaandike kwa namna ya tatizo, kisha yafananishe na vipimo vya hatua ya kwanza kabla ya kuyapa nafasi. Mara moja kwa wiki, mtu mmoja wa timu amtazame mgeni akicheza tangu mwanzo bila kumsaidia kwa neno lolote. Hakuna jedwali linaloweza kukufundisha kama ukimya wa mtu anayetafuta kitufe asichokiona.

Hatua ya 8: Zilizobaki zipigiwe hesabu

Baada ya kutenga yasiyojadiliwa na kurekebisha mlango na foleni, bado utabaki na kazi nyingi. Zipe alama kwa hesabu nyepesi: watu inaowagusa kati ya 100, mara uzito wa maumivu kuanzia 1 hadi 3, mara uhakika wenu kuanzia 0 hadi 1, gawanya kwa siku za kazi.

Mfano: hitilafu ya kurudi kwenye mechi inagusa watu 12 kati ya 100, uzito 3, uhakika 0.9, siku 4. Alama zake ni 8.1. Ramani mpya itawagusa 60, uzito 1, uhakika 0.5, siku 25. Alama zake ni 1.2. Tofauti hiyo inamaliza ubishi uliokuwa ukichukua saa nzima.

Uhakika ndio sehemu yenye faida kubwa kwenye hesabu hii. Humlazimu anayependekeza kipengele kusema amejuaje kwamba kitasaidia. Akiwa na hisia tu, 0.3 inatosha, akiwa na kipimo, 0.8, akiwa amejaribu kwa sehemu ya wachezaji na kuona matokeo, 0.9 na zaidi. Ongeza sharti moja langu: kazi yoyote inayofungua foleni mpya, alama zake zigawanywe kwa mbili.

Hesabu isitumike kama hakimu. Ikitoa jibu ambalo timu nzima inaliona si sawa, tafuteni ni namba ipi mmeikadiria vibaya.

Hatua ya 9: Toa masasisho yanayoweza kurudishwa

Kila sasisho litoke kwa sehemu ndogo ya wachezaji kwanza, litazamwe kwa saa kadhaa, ndipo lisambazwe. Kipengele kipya kiwe nyuma ya swichi. Mabadiliko ya hifadhidata yafanywe kwa awamu: ongeza safu mpya, andika kwenye zote mbili, hamisha usomaji, ndipo uifute ya zamani, kwa sababu msimbo hurudishwa kwa dakika tano lakini data iliyofutwa hairudi. Seva mpya ielewane na toleo la nyuma la programu, maana kwenye simu watu husasisha kwa nyakati tofauti, na kumfungia nje aliyechelewa kidogo ni kuwatawanya wachezaji kwa njia nyingine.

Usitoe sasisho kubwa kabla ya mapumziko ya mwisho wa wiki, siku ambazo wachezaji ni wengi na mafundi ni wachache. Na wapangieni zamu watu wa dharura. Mtu aliyeamshwa usiku kwa ajili ya seva asitarajiwe kazini asubuhi. Timu iliyochoka huzalisha hitilafu haraka kuliko inavyozirekebisha, kwa hiyo mapumziko yaingie kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 10: Tangaza mpango wako kwa uaminifu

Chapisha orodha ya sehemu tatu: tunafanya sasa, tutafanya baadaye, hatutafanya. Tarehe ziwekwe kwenye ya kwanza tu. Ya tatu ndiyo inayoogopwa na timu, ila huwaheshimu wachezaji kuliko "tunalifikiria" ya miezi sita. Tatizo kubwa likitokea, sema limetokea, linawagusa nani, na utatoa taarifa nyingine saa ngapi. Kisha saa hiyo ikifika toa taarifa hata kama hakuna jipya.

Hatua ya 11: Jua lini uache kuziba na uanze kuongeza

Kwa timu changa ningegawa hivi. Majuma mawili ya kwanza, karibu kazi yote iwe kurekebisha. Kuanzia juma la tatu hadi la nane, theluthi mbili kurekebisha na theluthi moja kuandaa kitu kipya kisichowagawanya wachezaji. Baada ya hapo nusu kwa nusu, mradi mechi zinaisha salama na muda wa kungoja haupandi. Kimojawapo kikiharibika, rudi nyuma bila aibu.

Kurudi nyuma kumewahi kuokoa gemu kubwa. Rainbow Six Siege, iliyotoka Desemba 2015, katikati ya mwaka 2017 ilisogeza mbele maudhui mapya ya msimu ili timu ishughulikie seva, utafutaji wa mechi na hitilafu, mpango ulioitwa Operation Health, na gemu hiyo iliendelea kuchezwa miaka mingi baadaye. Among Us ilitoka Juni 2018 na kubaki kimya hadi 2020 ilipolipuka. Septemba ya mwaka huo watengenezaji walifuta mpango wa gemu ya pili, wakarudisha nguvu zote kwenye ile ambayo watu walikuwa wakiicheza, kwanza seva, kisha mfumo wa akaunti uliohitajika kudhibiti wavurugaji. Final Fantasy XIV ndiyo iliyofika mbali zaidi ya zote: ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu, mtayarishaji Naoki Yoshida akakabidhiwa kuiongoza Desemba, timu ikaendelea kuirekebisha ya zamani huku ikijenga mpya, seva za zamani zikazimwa Novemba 2012, na ikarudi Agosti 2013. Wengi hukumbuka ujenzi mpya tu. Mimi naona somo kubwa zaidi katika ile miaka miwili ya kuwatunza waliobaki kwenye gemu iliyokuwa imeshahukumiwa, kwa sababu waliotunzwa hivyo ndio wanaoweza kurudi na kuwaita wengine.

Orodha ipangwe upya kila baada ya majuma mawili, kwa namba mpya. Kazi iliyokaa miezi mitatu bila kuguswa ifutwe kabisa, isihamishiwe kwenye orodha nyingine. Ikiwa ina umuhimu, mtu atailalamikia tena, na safari hiyo iandikwe upya kama tatizo, na tarehe yake, na idadi ya wanaoumia.